UZI: Steve Kerr, kutoka kusugua benchi la NBA hadi kuwa kocha wa mabingwa

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia humu mijadala ya mpira wa kikapu ikirudi kwenye swali lilelile la nani mchezaji bora wa zama zote, na kila mara majina yanayotajwa ni yaleyale matatu au manne. Leo naomba tumzungumzie mtu ambaye hawezi kuingia katika orodha hiyo kwa namna yoyote ile. Alicheza michezo 910 katika ligi ya NBA, akafunga wastani wa pointi 6 tu kwa mchezo, na katika sehemu kubwa ya maisha yake ya uwanjani alianza mchezo akiwa ameketi. Hata hivyo ana pete tisa za ubingwa: tano alizipata akiwa mchezaji, na nne akiwa kocha mkuu wa Golden State Warriors. Jina lake ni Steve Kerr.

Wengi husema kwamba Kerr alijifunza ukocha baada ya kustaafu, alipokuwa mchambuzi wa televisheni na baadaye kiongozi wa klabu. Mimi naamini aliujifunza benchini, katika ile miaka 15 ya kusubiri kuitwa. Nasema hivi nikiwa mtu niliyecheza kikapu cha ligi ya mkoa kwa miaka kadhaa na kusugua benchi misimu mingi kuliko niliyocheza. Mtu aliyekaa pale anafahamu kwamba kuna vitu mchezaji wa kikosi cha kwanza havioni kabisa: nani amechoka lakini hataki kusema, nani amenuna kwa sababu hapewi mpira, na ni dakika gani hasa timu inaanza kuvunjika kabla ubao wa matokeo haujaonyesha.

Tuanze na alikotoka, kwa sababu bila hapo huyu mtu haeleweki. Kerr alizaliwa Beirut, Lebanon, tarehe 27 Septemba 1965. Baba yake, Malcolm Kerr, naye alizaliwa mjini humo, mtoto wa Wamarekani waliokwenda kuwahudumia Waarmenia walionusurika mauaji ya kimbari na kisha wakabaki katika eneo hilo. Malcolm alikuwa msomi wa siasa za nchi za Kiarabu na profesa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa hiyo utoto wa Steve uligawanyika kati ya California, Beirut na Cairo. Akiwa Los Angeles alikuwa mmoja wa wavulana waokota mipira wa timu ya chuo alichofundisha baba yake. Akiwa Cairo alisoma katika shule ya Wamarekani, akicheza kikapu mbali kabisa na macho ya wasaka vipaji wa vyuo vikubwa.

Mwaka 1982, Lebanon ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Malcolm alikubali kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Tarehe 18 Januari 1984 watu wenye silaha walimpiga risasi nje ya ofisi yake na kumuua. Steve alikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Arizona, na habari ile ilimfikia kwa simu ya usiku. Siku mbili baadaye timu yake ilikuwa na mchezo dhidi ya mahasimu wao wa jimbo hilohilo, Arizona State, naye akaomba acheze. Uwanja ulisimama kimya kwa muda kumkumbuka marehemu, kijana akalia mbele ya watu wote, kisha alipoingia akarusha mpira wake wa kwanza na kufunga. Alimaliza na pointi 12.

Miaka minne baadaye, Februari 1988, alirudi kucheza katika uwanja wa Arizona State. Kabla ya mchezo kuanza kikundi cha mashabiki wakaanza kumpigia kelele wakitaja Beirut na wapiganaji wa Palestina, ili tu kumtonesha kidonda cha kifo cha baba yake. Kerr aliketi benchini akatokwa na machozi. Kisha akaingia na kufunga mitupo sita ya pointi tatu katika nusu ya kwanza bila kukosa hata mmoja. Nimesoma habari za wanamichezo wengi waliotukanwa uwanjani, lakini hiyo bado hunipa uzito moyoni, kwa sababu matusi yale yalilenga kaburi.

Kocha wake pale Arizona alikuwa Lute Olson, aliyempa nafasi ya chuo wakati karibu hakuna mwingine aliyemtaka. Kerr alikuwa na urefu wa mita 1.91, hakuwa na kasi, hakuwa na uwezo wa kuruka. Alikuwa na mkono. Mwaka 1986 aliumia vibaya goti la kulia nchini Hispania, akiwa na timu ya Marekani iliyotwaa ubingwa wa dunia chini ya Olson huyohuyo, na baadhi ya madaktari wakamwambia kwamba huenda asicheze tena. Alikosa msimu mzima. Aliporudi, vyuo vya Marekani vilikuwa vimeanza kutumia mstari wa pointi tatu, na katika msimu wa 1987/88 alifunga mitupo 114 kati ya 199 ya umbali huo, yaani asilimia 57.3. Mtu yeyote aliyewahi kujaribu mitupo hiyo, hata akiwa peke yake uwanjani bila mlinzi mbele yake, anaelewa maana ya tarakimu hiyo.

Pamoja na hayo, katika drafti ya mwaka 1988, yaani zoezi la klabu za NBA kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, aliitwa wa 50, na Phoenix Suns. Akapelekwa Cleveland, akapelekwa Orlando, na kufikia mwaka 1993 alikuwa anaelekea kusahaulika. Chicago Bulls walimchukua mwaka huo kama mtu wa kujaza nafasi, na wiki chache baadaye Michael Jordan akatangaza kustaafu kwa mara ya kwanza. Kerr akajikuta katika timu ya mabingwa isiyo na mfalme wake.

Hapo Chicago ndipo naona shule yenyewe ilipofunguliwa. Phil Jackson, kocha wa Bulls, naye alikuwa mchezaji wa akiba wa New York Knicks katika miaka ya ubingwa wao, na mfumo wake wa pembetatu ulidai wachezaji wote watano waguse mpira, wasogee na wasome walinzi, badala ya wanne kusimama wakimtazama nyota mmoja. Jackson aliwapa wachezaji vitabu, aliwafundisha kutulia na kupumua, na aliwaingiza wale wa benchi hata katika dakika ngumu ili siku wakihitajika wasiwe wageni wa presha.

Jordan aliporudi, akawa mkali mazoezini kupita kiasi. Katika kambi ya maandalizi ya msimu wa 1995/96 yeye na Kerr walishikana, na Kerr akaondoka na jicho lililovimba. Jordan alimpigia simu siku hiyohiyo kuomba radhi, na tangu hapo uhusiano wao ukabadilika, kwa kuwa mkubwa alikuwa amepima na kuona kwamba huyu mdogo hakimbii. Msimu huo Bulls walishinda michezo 72 na kupoteza 10.

Tarehe 13 Juni 1997, mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Utah Jazz, matokeo yakiwa 86 kwa 86 na muda ukikaribia kwisha, Jordan alimwambia Kerr wakati wa mapumziko mafupi kwamba John Stockton angemwacha ili kuja kusaidia kuzuia, kwa hiyo awe tayari. Ikawa hivyohivyo. Stockton akaenda kwa Jordan, pasi ikatoka, Kerr akarusha kutoka karibu na juu ya eneo la mitupo huru zikiwa zimebaki sekunde tano, na Bulls wakawa mabingwa. Watu wanaukumbuka mtupo. Mimi hukumbuka mazungumzo yaliyoutangulia: mchezaji mkubwa kuliko wote duniani anamweleza mtu wa benchi nini kitatokea, na mtu wa benchi anajibu kwamba yuko tayari.

Baada ya ubingwa wa tatu mfululizo wa Bulls alikwenda San Antonio Spurs, akatwaa ubingwa wa 1999 na baadaye ule wa 2003. Katika mchezo wa sita wa fainali ya kanda ya Magharibi mwaka 2003, dhidi ya Dallas Mavericks, Kerr alikuwa na miaka 37 na alikuwa amecheza dakika chache mno katika mchujo wote, yaani hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida. Spurs walikuwa nyuma kwa zaidi ya pointi kumi. Kocha Gregg Popovich akamwingiza, naye akafunga mitupo minne ya pointi tatu kati ya minne. Spurs walishinda 90 kwa 78 na kwenda fainali. Mtu anawezaje kukaa wiki nzima bila kucheza kisha akaingia na mkono wake ukiwa na joto? Jibu ni kazi ya kila siku ambayo hakuna kamera inayoipiga picha: kurusha mamia ya mipira baada ya wenzako kuondoka, huku hujui kama utaitwa kesho au hutaitwa kabisa. Alistaafu mwaka huo akiwa na asilimia 45.4 ya mitupo ya pointi tatu, na rekodi hiyo ya NBA haijavunjwa.

Nitaendelea baada ya muda kidogo, maana sehemu ya ukocha inahitaji nafasi yake.

NAENDELEA

Kerr alikwenda kwenye televisheni, na mwaka 2007 akawa meneja mkuu wa Phoenix Suns. Kipindi hicho hakikuwa chepesi. Februari 2008 alimleta Shaquille O'Neal katika timu iliyojengwa ili icheze kwa kasi, na uamuzi ule haukuzaa matunda. Kocha Mike D'Antoni akaondoka mwaka huo, na aliyemrithi hakumaliza msimu. Mwaka 2010 Suns walifika fainali ya kanda chini ya Alvin Gentry, na Kerr akaachia ngazi.

Kuna jambo la kipindi hicho ambalo sisi Watanzania tuna sababu ya kulikumbuka. Drafti ya Juni 2009 ndiyo ile ambayo kijana wetu Hasheem Thabeet aliitwa wa pili na Memphis Grizzlies, na nchi nzima ikafurahi. Katika drafti hiyohiyo, nafasi ya saba, Golden State walimchukua Stephen Curry. Kerr, akiwa Phoenix, alikuwa katika mazungumzo na Warriors ya kumtoa Amar'e Stoudemire ili ampate Curry, na mazungumzo yakavunjika. Miaka mitano baadaye alimfuata Curry kulekule alikoshindwa kumtoa.

Kabla ya hapo alikuwa ameanza kuandika: jinsi atakavyoendesha mazoezi, michezo ya mashambulizi anayoipenda, jinsi atakavyozungumza na mchezaji aliyepunguziwa dakika, hata aina ya watu atakaowaajiri. Mei 2014 alikuwa na ofa mbili mezani. Moja ilitoka New York Knicks, ambako Phil Jackson alikuwa rais mpya na alimtaka mwanafunzi wake. Nyingine ilitoka Golden State, klabu iliyokuwa imemfukuza Mark Jackson ingawa alishinda michezo 51 msimu huo. Akachagua Golden State.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu ndipo palipo moyo wa uzi huu. Warriors wa msimu wa 2013/14 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima kwa idadi ya pasi kwa mchezo, ilhali walikuwa na warushaji wawili hatari kama Curry na Klay Thompson. Kerr aliweka lengo la pasi 300 kwa mchezo. Hakuleta mfumo wa Phil Jackson mzima mzima. Alichukua pembetatu ya Chicago, akachukua mzunguko wa mpira wa Popovich, akachukua kasi ya D'Antoni, akavichanganya kulingana na watu aliowakuta. Majira hayo ya joto aliwafuata wachezaji walikokuwa, akasafiri hadi Australia kuonana na Andrew Bogut. Alimtembelea pia Pete Carroll, kocha wa timu ya soka ya Kimarekani ya Seattle, aliyemwambia kwamba timu hufuata misingi ambayo kocha wake anaiishi kweli. Kerr akachagua minne: furaha, utulivu wa akili, huruma na ushindani.

Kisha akafanya jambo gumu. Andre Iguodala alikuwa ameanza michezo yote 758 aliyocheza katika NBA. Kerr akamwomba akae benchi ili Harrison Barnes aanze. Muda si mrefu David Lee, mchezaji aliyewahi kuitwa katika mchezo wa Nyota wa NBA (All-Star) na mwenye mshahara mkubwa kuliko wote kikosini, akaumia, nafasi yake ikachukuliwa na Draymond Green, na Lee alipopona hakurudishiwa. Wote wawili waliumia moyoni, na wote wawili walikubali. Naamini kocha ambaye hajawahi kusugua benchi angepata kazi kubwa sana kuwashawishi, kwa kuwa mchezaji mkubwa anapoambiwa akae, jambo la kwanza analotazama ni uso wa anayemwambia. Kerr alikuwa anawaomba wafanye kile alichokifanya yeye kwa miaka 15.

Msimu huo Warriors walishinda michezo 67 na kupoteza 15. Katika fainali dhidi ya Cleveland ya LeBron James walikuwa nyuma 2 kwa 1. Usiku kabla ya mchezo wa nne, msaidizi kijana wa benchi la ufundi, Nick U'Ren, alipendekeza Iguodala aanze badala ya Bogut, ili timu iwe fupi na nyepesi. Kerr alikubali, akawaficha waandishi wa habari mpango ule, na baada ya ushindi akakiri waziwazi kwamba alikuwa amewadanganya na kwamba wazo halikuwa lake. Warriors hawakupoteza tena. Iguodala akawa Mchezaji Bora wa Fainali bila ya kuwa ameanza mchezo hata mmoja katika msimu wa kawaida, na Golden State wakapata ubingwa wao wa kwanza baada ya miaka 40.

Wiki chache baadaye mwili ukamgeuka. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo Julai 2015, ukaleta tatizo la kuvuja kwa majimaji ya uti wa mgongo, akafanyiwa tena Septemba, na maumivu ya kichwa yakawa sehemu ya maisha yake kwa muda mrefu. Msaidizi wake Luke Walton akashika timu, akashinda michezo 24 ya kwanza mfululizo, na kumkabidhi Kerr mnamo Januari 2016 ikiwa imeshinda 39 na kupoteza 4. Kwa kanuni za ligi ushindi wote huo umeandikwa kwa jina la Kerr, jambo ambalo yeye mwenyewe amelieleza kuwa si haki kwa Walton. Timu ilimaliza na ushindi 73, ikaipita ile Bulls ya 72 aliyoichezea, kisha ikapoteza fainali ikiwa mbele 3 kwa 1. Mwaka 2017, Kevin Durant akiwa amejiunga nao, mgongo ulimtoa tena Kerr katikati ya mchujo. Mike Brown akaongoza bila kupoteza mchezo, na ubingwa ukarudi. Mwaka 2018 ukaja mwingine.

NIMERUDI KUJIBU HOJA

Nawashukuru waliochangia. Ndugu mmoja ameandika kwamba Kerr alikuta chakula kimepikwa, na kwamba kocha yeyote angeshinda akiwa na Curry. Hoja hii siidharau. Bila Curry hakuna ubingwa, na Kerr amekiri hivyo mara nyingi. Lakini Curry huyohuyo alikuwepo katika timu iliyokuwa ya mwisho kwa pasi. Tena tusisahau msimu wa 2019/20, Durant akiwa ameondoka, Thompson akiuguza goti na Curry akiwa amevunjika mkono, ambapo Warriors walishinda michezo 15 na kupoteza 50. Makocha wengi wa mabingwa wangetafuta njia ya kuondoka. Kerr alibaki, akafundisha vijana ambao wengi wao hawakudumu katika ligi, na mwaka 2022 akatwaa ubingwa wa nne dhidi ya Boston akiwa na kikosi ambacho watu wachache walikipa nafasi mwanzoni mwa msimu. Machi 2025 alimpita Al Attles, kocha wa ule ubingwa wa 1975, kwa idadi ya ushindi katika historia ya klabu hiyo.

Mwingine ameuliza kama nataka kusema kwamba nyota hawawezi kuwa makocha. Hapana, mkuu, sikusema hivyo. Bill Russell alitwaa ubingwa mara mbili na Boston Celtics, 1968 na 1969, akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, tena akiwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika NBA. Lenny Wilkens, aliyemfundisha Kerr pale Cleveland, yumo katika Ukumbi wa Heshima kwa sifa zote mbili, uchezaji na ukocha. Larry Bird alichaguliwa Kocha Bora mwaka 1998. Ila tazama pia Magic Johnson, akili ya kikapu ambayo mfano wake ni nadra: alichukua timu ya Lakers mwaka 1994, akashinda michezo 5, akapoteza 11, akaacha. Nadhani ugumu wa nyota ni huu, kwamba mambo anayoyaona kwa sekunde moja hakuwahi kulazimika kuyaeleza kwa maneno, ilhali mchezaji wa akiba hana kingine cha kufanya ila kutazama na kuyapangia maneno.

Kuna aliyehoji kwa nini Kerr anaingilia siasa. Tarehe 24 Mei 2022, siku ambayo watoto 19 na walimu wawili waliuawa kwa risasi shuleni Uvalde, Texas, Warriors walikuwa Dallas kwa mchezo wa fainali ya kanda. Kerr aliketi mbele ya waandishi, akakataa kuzungumzia kikapu, akapiga meza kwa kiganja na kuwashutumu maseneta waliokataa kupigia kura sheria ya kuchunguza wanunuzi wa silaha. Sioni kama huko ni kuingilia. Mtoto aliyepigiwa simu usiku akaambiwa kwamba baba yake ameuawa kwa risasi ana haki ya kusema neno juu ya risasi, awe kocha au mpishi.

Kuhusu nidhamu, ndugu aliyetaja tukio la Oktoba 2022, Draymond Green alipompiga ngumi Jordan Poole mazoezini, amegusa mahali penyewe. Wengi walidhani Kerr angelichukulia kama lile lake na Michael Jordan, mambo ya mazoezini yanayokwisha kwa simu moja. Yeye alisema hilo lilikuwa tatizo kubwa kuliko yote tangu aanze kuifundisha timu ile. Hapa nina lawama yangu kwake: Green hakufungiwa mchezo wowote, alipigwa faini na kurudi kwa wakati wa mchezo wa kwanza wa msimu, na timu ile haikupona mwaka mzima. Kocha aliyejenga kila kitu juu ya kuaminiana alipaswa kumweka benchi, hata kwa wiki mbili.

Upande wa pili wa tabia yake ulionekana tarehe 12 Februari 2018. Akiona kwamba wachezaji wamechoshwa na sauti yake, aliwakabidhi ubao wa kuchorea na kuwaacha wajiongoze wenyewe katika mchezo mzima dhidi ya Phoenix. Iguodala alichora, Green alichora, David West alichora, na wakashinda 129 kwa 83. Baadhi ya wapinzani waliona wamedharauliwa. Kerr alieleza kwamba timu ni ya wachezaji.

Namalizia na swali la dada aliyeuliza habari za Sudan Kusini, kwa sababu ndilo linalotugusa kwa karibu zaidi. Kabla ya Olimpiki ya Paris 2024, timu ya taifa ya Marekani, iliyofundishwa na Kerr, ilicheza mchezo wa kirafiki na Sudan Kusini mjini London na kuponea chupuchupu, 101 kwa 100, kwa kikapu cha LeBron James katika sekunde za mwisho. Sudan Kusini, mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, ilikuwa na shirikisho linaloongozwa na Luol Deng, mchezaji wa zamani wa Bulls, na ilifundishwa na Royal Ivey, naye mchezaji wa zamani wa NBA ambaye miaka yake mingi aliimaliza akiwa mtu wa akiba. Kerr hakutafuta kisingizio baada ya mchezo ule; alisema hakuiandaa timu yake vizuri kwa wapinzani wale. Walipokutana tena katika makundi, Marekani ilishinda 103 kwa 86.

Katika mashindano hayo Kerr alishambuliwa sana kwa kumwacha Jayson Tatum benchini katika michezo yote miwili dhidi ya Serbia, wakati kijana huyo alikuwa ametoka tu kutwaa ubingwa wa NBA na Boston. Katika nusu fainali Serbia waliongoza kwa pointi 17, na Marekani ikageuza na kushinda 95 kwa 91. Siku mbili baadaye, tarehe 10 Agosti, katika fainali, Ufaransa ilikuwa imesogea karibu kabisa na Marekani zikiwa zimebaki dakika chache, uwanja mzima wa Bercy ukiimba. Curry akafunga mitupo minne ya pointi tatu moja baada ya nyingine, wa mwisho akiwa na walinzi wawili usoni, na Marekani ikashinda 98 kwa 87. Kerr alikuwa pale pembeni ya uwanja, mahali alipozoea kuutazama mchezo tangu alipokuwa Chicago.